Nyama ya akika mlikula: barua kwa ndugu wa mama aliyetoa mtoto

Wanangu,

Idi iliyopita nilikuwa Bombo, hapa Uganda, uani kwenu, nimeketi mkekani na wenzangu tunapakua pilau. Mgeni mmoja kutoka Arua akamuuliza dada yenu aliyekuwa akigawa sahani, "Na wewe mwanangu, una watoto wangapi?" Hajafungua mdomo, kaka yake akamjibia toka mlangoni: "Huyu bado, hana." Watu wakaendelea kula. Dada yenu akaweka sahani chini, akaingia jikoni, na sikumwona tena mpaka magharibi.

Hana? Mimi ndiye niliyempokea yule mtoto kwa mikono hii. Siku ya saba nywele zake zilinyolewa, jina likatajwa, mbuzi akachinjwa. Nyama ya akika mlikula, na wewe uliyesimama mlangoni ulirudia sahani.

Najua mtaniambia mlikuwa mnamsitiri. Tuulizane basi aibu yenyewe ni ya nani. Baba wa mtoto alipotoweka tulikaa kikao, watu wazima kumi na mmoja, kila mmoja na udhuru wake. Mmoja nyumba ni ndogo, mwingine ada za shule. Mimi nilisema mgongo unaniuma. Tulipomaliza udhuru wetu, dada yenu, binti wa miaka ishirini, akaenda peke yake kutia sahihi ya kumtoa mtoto alelewe na wengine. Sheria ya Watoto ya nchi hii inamruhusu mzazi kuondoa ridhaa yake wakati wowote kabla korti haijatoa amri ya kuasili, yaani kumfanya mtoto awe wa wazazi wengine kisheria. Nani kati yetu alimwambia? Nani alimsindikiza hata mara moja kwa afisa wa ustawi wa jamii akaulize? Halafu leo tunamwonea haya yeye.

Na jambo hili si la ua wenu tu. Mwaka 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda kwa kashfa ya watoto waliochukuliwa kwa wazazi wa vijijini, wazazi walioahidiwa kwamba watoto wanakwenda kusoma. Tangu sheria hiyo ya watoto irekebishwe 2016, mgeni anatakiwa akae hapa na kumlea mtoto mwaka mzima kabla ya kupewa. Vizuri. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha kaka kumtazama dada yake usoni.

Shehe atanikumbusha kwamba katika dini yetu nasaba haikatwi, na Sura ya Ahzab inataka watoto waitwe kwa baba zao. Nami namuunga mkono. Ikiwa Kitabu hakikumfuta yule mtoto, ninyi kifutio mmekitoa wapi?

Kati yenu wote mmoja tu alinipoza moyo, mdogo wenu wa kike, aliyekuwa na miaka kumi na sita. Wiki ile mtoto alipoondoka, maziwa hayakujua kwamba mnyonyaji hayupo. Yalivimba, yakalowesha gauni. Yule mtoto wa shule aliamka usiku kumkanda dada yake kwa kitambaa cha maji baridi, hasemi neno. Asubuhi anafua gauni, anavaa sare, anakwenda zake. Hakuna aliyemfundisha.

Mengine ni mafupi. Msimwambie dada yenu aliyetoa mtoto kwamba atazaa mwingine. Wala msimwambie mtoto yuko pazuri, hilo analijua, na ndilo linalomliza. Picha ya mtoto msiichome. Kila siku ya kuzaliwa kwa mtoto ifikapo, mmoja wenu aende akakae na dada yenu, apeleke sukari, wanywe chai. Akimtaja kwa jina, nawe mtaje kwa jina. Akinyamaza, nyamaza naye. Akija mchumba, wa kumweleza ni yeye mwenyewe, si shangazi zenu wenye midomo myepesi. Makaratasi ya korti yawekwe pakavu, maana mtoto atakua na siku moja anaweza kuja kuuliza.

Nimeandika kwa ukali, nisameheni, mgongo kweli unauma.

Sasa wewe kaka mtu. Idi ya kuchinja yule mgeni wa Arua anakuja tena, na ni mtu wa maswali. Akiuliza, endelea na pilau yako. Dada yako ana mdomo.

Bibi yenu,
mkunga mstaafu