Kikao cha Jumamosi: meza ya Tanga 1914

Ndugu wanakikundi, habari za leo?

Jumamosi hii, saa nne kamili asubuhi, tutakutana nyumbani kwangu kuendelea kutengeneza meza yetu, yaani mfano mdogo wa uwanja wa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 kati ya Wajerumani na Waingereza, kwa ajili ya vinyago vyetu vya askari vya milimita 28.

1. Mchango ni shilingi 10,000, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

2. Mwenye povu gumu jeupe la kufungia televisheni alilete, kwani tutachonga humo mtaro wa reli ambao watetezi wa mji waliutumia kama ngome. Tafadhali msilipulizie rangi ya kopo kabla ya kulipaka gundi nyeupe na kuiacha ikauke. Rangi hiyo hulila povu likabaki mashimo, kama kilima chetu cha kwanza.

3. Kamba ya katani tutaikata vipande vya milimita tano iwe nyasi, na sioni nyasi inayoifaa Tanga zaidi ya hiyo. Mizinga ya nyuki nayo isisahaulike mitini, maana nyuki waliwashambulia wanajeshi kwelikweli.

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kabla ya Jumatano usiku, akitaja atakacholeta. Ahsanteni sana.