Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Bodaboda, Malindi

Ndugu wanachama, assalamu alaykum, na salamu zangu kwenu nyote.

Katiba yetu inanitaka niwaeleze jinsi chama kilivyokwenda mwaka huu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na uchaguzi wa viongozi wa steji umo mikononi mwa katibu. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo moja lililonishughulisha mwaka mzima, nalo ni usalama wa yule tunayempakia nyuma yetu.

Mwanzoni mwa mwaka nilimbeba mama mmoja wa makamo kutoka sokoni kwenda Maweni. Alikuwa amevaa buibui, akajitanda leso juu yake, na akaketi upande kama wafanyavyo akina mama wengi hapa kwetu. Hatukufika mbali nikahisi pikipiki inavutwa kwa nyuma. Ncha ya leso ilikuwa imenaswa na spoki, na gurudumu likawa linaiviringa. Mama alianguka akateguka kiwiko. Nilikuwa nakwenda polepole kwa sababu ya matuta, na leso haikuwa imefungwa shingoni. Bila ya mambo hayo mawili tungekuwa tunamtaja kwa dua nyingine. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilimwona akipanda, nami nisimwambie neno.

Nchini India, ambako ndiko zinakotoka nyingi ya pikipiki zetu, kanuni za magari za mwaka 1989 zinataka pikipiki iwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, ili nguo ya abiria isinaswe. Wenzetu walilifikiria jambo hilo kwa sababu wanawake wao huvaa sari. Sisi tuna buibui, dera, leso na mitandio, na bado wengi wetu tunatembea na gurudumu lililo wazi. Baadhi yetu tumeing'oa kinga kwa mikono yetu ili kupata nafasi ya karia ya mizigo. Naomba jambo hili likome.

Kinga peke yake haitoshi. Kabla ya kutia gia, dereva ageuke, aangalie nguo imelala wapi, kisha aseme kwa adabu, "Mama, tafadhali kusanya nguo." Ncha za leso ziwekwe mapajani na kukaliwa, na mtandio uingizwe ndani ya buibui. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu siku ile, na sijapata abiria aliyekasirika. Wengi hushukuru, na mmoja aliniambia kuwa hakuna dereva aliyewahi kumuuliza.

Kuhusu kuketi upande, Sheria ya Trafiki ya Kenya iko wazi: abiria ni mmoja tu, aketi kwa kupanua miguu, na yeye pamoja na dereva wavae kofia ngumu na koti linaloakisi mwanga. Najua jambo hili ni zito kwa akina mama wanaojistiri, na sipendi kuwasikia vijana wetu wakiwakaripia stejini. Wapo wanaovaa suruali ndani ya buibui na kuketi vizuri. Kwa asiyeweza, iwe ni kwa ujauzito, umri au stara, tumwitie tuktuk. Nauli itatupita, lakini mtu atafika kwake salama.

Kofia ya abiria nayo imekuwa pambo la kuning'inizwa kwenye usukani. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Akina mama wanaikataa kwa sababu inanuka jasho, nao wana haki. Bitana ifuliwe kila wiki na kuanikwa juani, na ukanda ufungwe kidevuni, kwani kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Kwa wale wanaovuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui na Gongoni, nina neno kuhusu breki. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, unapita karibu mita 17 kila sekunde, na ukiwa na abiria pikipiki inazidi kuwa nzito kusimamisha. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa uzito huhamia mbele unaposimama; lakini kwenye mchanga, gurudumu la mbele likijifunga, chombo hulala papo hapo. Kwa hiyo punguza mwendo kabla hujaufikia mchanga, usukani ukiwa umenyooka, kisha tumia breki ya nyuma taratibu. Malori ya chumvi tuyaachie nafasi kubwa, maana upepo wake humyumbisha abiria ambaye hana pa kushika.

Hewa ya bahari inakula minyororo na nyaya za breki; osheni kwa maji yasiyo ya chumvi na mtie oili.

Kamati imekubaliana na fundi mmoja achomelee kinga za magurudumu kwa wanachama kabla ya masika. Ataanza kazi Jumapili ijayo baada ya adhuhuri, stejini sokoni. Kila mwanachama aje na pikipiki yake ikiwa imefunguliwa karia, ili vipimo vichukuliwe siku hiyo hiyo.