Nyimbo mia tisa si mauzo mia tisa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila yakizungumzwa maharamia wa kazi za sanaa, hasara inatajwa kwa mabilioni, na hakuna anayeuliza imehesabiwaje. Mimi nauliza, kwa sababu nilikuwa upande wa pili.

Miaka minne nilikaa kwenye kibanda pale Mwanjelwa nikiwaingizia watu nyimbo na muvi bila kibali cha msanii yeyote. Sijivunii. Siku moja alikuja kijana kutoka Chimala, ametoka kuuza mpunga, pumba bado zimemng'ang'ania kwenye sweta. Akanipa memori kadi ya GB 4 na shilingi elfu moja. "Kaka, nijazie tu." Nikamuuliza, za nani? "Zozote, ziwe za kuchezeka." Nikajaza mpaka kadi ikakataa, karibu nyimbo mia tisa.

Kwa hesabu ya wadai, hapo yamepotea mauzo mia tisa. Lakini yule kijana asingenunua hata albamu mbili. Elfu moja ndiyo aliyokuwa nayo. Fungu la msanii lilikuwa ndani ya elfu moja ile, na nililila mimi.

Huko Marekani hesabu hii ilifikishwa mahakamani. Jammie Thomas-Rasset, mama wa Minnesota, alishtakiwa na kampuni za muziki kwa kusambaza nyimbo 24 mtandaoni bila kibali. Mwaka 2007 baraza la raia wanaoamua kesi lilimtaka alipe dola 222,000. Kesi ikarudiwa 2009, ikawa dola 1,920,000. Mwaka 2010, dola 1,500,000. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikarudi kwenye 222,000. Nyimbo ni zilezile, na wakati ule wimbo mmoja mtandaoni uliuzwa takriban dola moja! Hasara iliyopimwa haiwezi kuruka namna hiyo. Fedha zile zilitoka kwenye viwango vya sheria yao, dola 750 hadi 150,000 kwa kazi moja, na kampuni hazikulazimika kuthibitisha zimepoteza kiasi gani.

Chama cha studio kubwa za filamu za huko Marekani nacho kilidai mwaka 2005 kwamba asilimia 44 ya hasara yao ya ndani ya nchi ilitokana na wanafunzi wa vyuo. Mwaka 2008 kikakiri kimekosea: ni kama asilimia 15. Miaka miwili baadaye ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilichunguza makadirio matatu ya serikali kuhusu hasara ya bidhaa bandia na uharamia, yaliyokuwa yakinukuliwa kila mahali, ikashindwa kupata yalikotoka.

Sisemi wasanii hawaibiwi. Anayedurufu DVD ya filamu ya Kibongo, akaiwekea kava lilelile na kuiuza stendi kwa bei ileile, amemnyang'anya msanii mteja aliyekuwa ameshatoa hela mfukoni. Hiyo inahesabika nakala kwa nakala, na mahakama imbane bila huruma. Kumweka kapu moja na kijana wa Chimala ndiko kunakoharibu hata madai ya kweli.

Basi anayekuja na mabilioni atuonyeshe: aliuza ngapi kabla, kwa bei gani, na kati ya walionakili ni wangapi wangelipa. Mimi kibandani ningelipa ada halali ya elfu kumi kwa mwezi, na hiyo ingeandikwa kwenye daftari la mtu. Miaka yote minne hakuna aliyepita kuidai.

Aliyekuwa na kibanda,
Mwanjelwa, Mbeya