Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Uingereza: njia za mito zituzungushe, zisituache njiani

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu. Sina cheo, na hakuna chama kilichonituma. Mimi ni mkazi wa London anayependa kutembea. Nakala ya Kiingereza nimeielekeza ofisini kwako. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu tuliotoka Afrika Mashariki tuko wengi hapa, tunalipa kodi kama wengine, na bado wengi wetu tunayaona matembezi ya kando ya mto kuwa mambo ya wenye nchi, watu wa mabuti ya matope na mbwa wawili. Nataka na wao wasome ninachokuomba.

Katika ilani ya uchaguzi wa 2024 chama chenu cha Labour kiliahidi njia tisa mpya za kitaifa za kando ya mito. Ahadi hiyo naiunga mkono. Kinachonitia wasiwasi ni umbo la njia zenyewe. Kwa desturi ya nchi hii, njia ya kitaifa huchorwa kama mstari: huku chanzo cha mto, kule mji mkubwa, katikati vibao. Thames Path, njia ya kando ya mto Thames iliyofunguliwa 1996, ina karibu kilomita 300. Ni kazi ya kujivunia, lakini anayeimaliza yote ni mtu wa likizo ndefu na goti zima. Wengine sisi tuna Jumamosi moja, watoto wanaolalamika kila baada ya nusu saa, na treni ya kurudi nayo nyumbani. Tukianza mahali, lazima tumalizie papo hapo. Kwa hiyo ombi langu ni moja: kila njia kati ya hizo tisa iwe na mizunguko, tena mizunguko inayolindwa na sheria katika kila kipande chake.

Nikupe mfano usio mbali na ofisi yako. Panda treni ya District mpaka Richmond, teremka hadi mtoni, utaikuta baa iitwayo The White Cross. Mimi kinywaji chao si changu, ila nakiri kwamba Waingereza wana akili kuanzishia matembezi yao penye baa. Kila mtu anaijua ilipo, pana choo, na aliyechelewa anasubiriwa bila kunyeshewa. Hapo Thames bado inaitii bahari, kwani maji hujaa na kupwa mpaka Teddington, juu zaidi ya hapo. Mtu wa pwani haelezwi zaidi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda ngazi, yakaingia barabarani na kuizunguka baa yenyewe, ambayo imeweka kibao cha kukuonyesha mlango wa kupitia maji yakijaa. Dereva mgeni aliyeegesha ukingoni bila kuuliza hulikuta gari lake limesimama majini, na watu wa barazani wanamtazama kwa huruma iliyochanganyika na kicheko. Yakipwa nayo, mto ungebaki matope matupu kama si kizuizi cha Richmond kilichofunguliwa 1894. Milango yake ya chuma huinuliwa kwa muda wa kama saa mbili kabla ya maji kujaa na saa mbili baadaye, halafu hushushwa ili kina kisipungue kupita nusu ya kujaa.

Kutoka hapo unapita chini ya Richmond Bridge, daraja la mawe la 1777, unaukwea mto ukiwa ukingo wa kusini. Dakika chache tu, majengo yanaisha. Kushoto kwako ni Petersham Meadows, malisho yenye ng'ombe hasa, wanaotafuna bila haraka huku kilima cha Richmond kikiwa nyuma yao. Wageni husimama hapo wakauliza kama kweli bado wako London. Ukiendelea, miti inafunga juu ya njia, kisha inafunguka mbele ya Ham House, jumba la 1610 ambalo tangu 1948 liko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majumba na ardhi za kale. Mbele yake kuna gati dogo. Unampungia mkono mwenye mashua, anakuja, anakuvusha. Upande wa pili ni Marble Hill, bustani pana ya nyasi na miti mikubwa yenye nyumba nyeupe katikati. Unaikata, unafuata ukingo wa kaskazini kurudi darajani, unavuka, na baa hiyo mbele yako. Mzunguko mzima hauzidi kilomita sita. Mwenye miguu ya kawaida hamalizi saa mbili, labda akiwa na watoto wanaotaka kumhesabu kila bata.

Mtu akitembea hapo anadhani pamekuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Sivyo hata kidogo, na hii ndiyo sehemu ninayokuomba uisome taratibu.

Malisho yale na mandhari yake yanaonekana leo kwa sababu Bunge lilipitisha sheria mwaka 1902, maalumu kwa ajili ya ardhi ya wazi ya Richmond, Petersham na Ham, baada ya watu kushtuka kwamba bonde lote lingejazwa nyumba. Marble Hill ilinunuliwa kwa ajili ya umma mwaka huohuo, wakati wenye ardhi walikuwa wameshapanga kuijaza nyumba, na 1903 ikafunguliwa kwa watu wote. Hata kile kivuko kidogo kimepitia mahakamani. Walter Hammerton, mtu wa mashua, alianza kuvusha watu mwanzoni mwa karne ya 20. Earl wa Dysart, bwana wa Ham House, akasimama na mpangaji wake wa kivuko cha zamani cha Twickenham, wakadai kwamba hakuna mwingine mwenye haki ya kuvusha watu eneo lile. Kesi ikapanda mpaka House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya nchi, na mwaka 1915 mabwana wale wakaamua kwa faida ya Hammerton. Fikiria, Mheshimiwa, majaji wakuu wa himaya, katikati ya vita vya dunia, wanajadili mashua ya kuvushia watembeao! Leo kivuko kile kinaitwa kwa jina la yule mtu wa mashua.

Ukitaka mzunguko mrefu zaidi, kutoka Petersham unapanda na kuingia Richmond Park, hekta 955 za nyasi, mialoni ya kale na mamia ya kulungu. Ukuta wake ulijengwa na Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1637, naye alizungushia humo hata ardhi za watu. Miaka zaidi ya mia baadaye Princess Amelia, binti wa George wa Pili, akiwa msimamizi wa bustani, aliwafungia watu malango. Aliyemshinda hakuwa lodi. Alikuwa mtengeneza bia wa Richmond, John Lewis, ambaye alizuiwa langoni, akaenda mahakamani, na 1758 akapata hukumu kwamba wapita kwa miguu wana haki ya kuingia. (Nyumba ya Marble Hill, kwa taarifa yako, ilijengwa kwa ajili ya hawara wa George huyohuyo. Upande mmoja wa mto binti anafunga malango, upande wa pili pa hawara wa baba leo panapitwa na kila mtu.)

Kuna jambo katika kesi ya Lewis ambalo ningependa watumishi wako walibandike ukutani. Alipoulizwa achague mlango au ngazi za kuvukia ukuta, alichagua ngazi. Alijua kwamba mlango, kwa sababu ya kulungu, utabaki umefungwa, na mgeni akiuona umefungwa atadhani haruhusiwi, na siku moja mtu atautia kitasa. Ngazi zilipojengwa, vidato viliachana mno, watoto na wazee wakashindwa kupanda. Lewis akarudi kwa jaji kulalamika, na jaji akaagiza zirekebishwe ili watoto, wazee wa kiume na hata bibi wazee waweze kupita. Hiyo ni karne ya 18. Leo bado nakutana na malango membamba ambayo kiti cha magurudumu hakipiti, wala kigari cha mtoto mpaka baba akibebe juu kwa juu.

Sasa linganisha na sehemu nyingine za nchi. Kuna bonde moja, sitalitaja wala mwenye ardhi sitamtaja, ambalo mzunguko wake ulikuwa umechapishwa kwenye vijitabu vya matembezi: unaanzia penye baa, unafuata mto, unakata bustani ya jumba la zamani, unarudi. Kipande cha bustani kilikuwa njia ya ridhaa tu, yaani mwenyewe anawaachia watu wapite akipenda. Siku moja hakupenda tena. Likawekwa kufuli, na pembeni kibao kipya cha plastiki, bado kina ile karatasi ya kukikinga pembezoni, kikisema kwamba hapo si njia ya umma. Kisheria hakukosea. Chini ya sheria ya barabara ya 1980, njia iliyotumiwa na watu kwa miaka 20 bila kuzuiwa yaweza kuhesabiwa ya umma, kwa hiyo mwenye ardhi makini hutangaza mapema kwamba hakukusudia hivyo. Lakini ona kilichotokea: mita mia chache zimefungwa, na kilomita saba za mzunguko zimekufa. Mstari ukikatika unabaki na vipande viwili vinavyotembeka, ila mzunguko ukikatika, kinachobaki ni kwenda na kurudi palepale, au kurudi kwa barabara ya magari isiyo na kando ya watembeao, lori likikupepea sikio.

Ndiyo maana nasema msihesabu mafanikio kwa urefu. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma, kwa hiyo urefu haujawahi kuwa tatizo kubwa. Tatizo ni viungo: daraja moja la miguu, kivuko kimoja, ukingo mmoja wa mto ambao bustani za watu binafsi zimeshuka mpaka majini. Hata hapo Richmond, mashua isipofanya kazi, na majira ya baridi siku zake hupungua, mtembezi hulazimika kupanda mpaka madaraja ya miguu ya Teddington, kisha kurudi kupitia mitaa ya Twickenham akiwa na mto nyuma ya nyumba za watu, asiuone. Njia rasmi yenyewe hupita barabarani hapo.

Najua utakachoambiwa na wataalamu wako. Watasema ardhi ni ghali na wakulima hawataki. Mkulima ana haki ya kulalamika juu ya mbwa wasiofungwa, hilo simbishii, na mwenye mbwa asiyetaka kumfunga kamba nisimtetee. Lakini ng'ombe wa Petersham wanapitwa na umati kila mwisho wa wiki, na bado wanatafuna. Zaidi ya hayo, sheria ya 2000 ya mashambani na haki za njia tayari inamruhusu mwenye ardhi kuitoa moja kwa moja kwa matembezi ya umma, itoke kwake ifunge hata warithi. Mnapotoa fedha za ruzuku za mashamba na mazingira, wekeni sharti hilo mezani. Anayetaka kulipwa kwa kuwapitisha watu ukingoni mwa mto atoe haki ya kudumu, si ridhaa ya msimu.

Na mkiwa mnapanga bajeti, msimalizie pesa zote kwenye vibao na nembo. Vivuko na madaraja ya miguu ndiyo yanayogeuza kingo mbili kuwa mzunguko. Kila mzunguko uanzie kituo cha treni au basi, maana wengi wetu hatuna magari, na sehemu ya kuegesha mbele ya baa ya kijijini haitusaidii kitu. Upana wa malango uwekwe kwenye masharti ya ujenzi tangu mwanzo, usiachwe kwa hisani ya fundi.

Liko pia suala la njia za kale zisizomo kwenye ramani rasmi. Sheria ile ya 2000 iliziwekea tarehe ya mwisho ya kuingizwa humo, kwanza 2026, baadaye ikasogezwa hadi 2031, na Desemba 2024 serikali yenu ikatangaza kwamba itaifuta. Tangazo nililipokea kwa furaha. Nitafurahi zaidi likiwa sheria iliyopitishwa, kwa sababu nyingi ya njia hizo ndizo vile vipande vifupi, mita mia mbili hapa, mia tatu pale, vinavyokosekana ili mzunguko ufunge.

Nakuomba unijibu hadharani, kama nilivyokuandikia hadharani. Katika kila njia kati ya hizo tisa, kutakuwa na mizunguko mingapi ambayo mtu anaweza kuanza na kumaliza kwenye kituo kimoja, na ni sehemu gani ya kila mzunguko itakayobaki kuwa ya ridhaa? Kama jibu la swali la pili ni "hakuna", nitakuja mwenyewe kwenye ufunguzi wa ile ya kwanza, na nitakuja na Waswahili wengi.

Wako katika kutembea,

Mkazi wa London, mtu wa pwani