Risala ya Wanafunzi wa Uuguzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha chuoni kwetu hapa Sumbawanga. Tunajua umezoea kusomewa risala za mabweni na vitanda. Utuvumilie kidogo, leo tunaanzia mbali, Gaza.

Kilichotufikisha huko ni matone mawili. Mwaka 2023 mtoto mmoja wa mkoa wetu wa Rukwa alipopooza kwa kirusi cha polio aina ya pili, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa sita. Wengi wetu tulikuwa bado sekondari. Tuliwashika wadogo zetu wakidondoshewa matone mdomoni, kisha wakapakwa wino kidoleni, nao wakakionyesha kidole hicho mtaa mzima.

Mwaka uliofuata, kirusi cha aina hiyohiyo kikakutwa kwenye maji taka ya Khan Younis na Deir al-Balah, miji ya Gaza. Agosti 2024 ikathibitishwa kwamba mtoto wa miezi 10, ambaye hakuwa amechanjwa, alikuwa amepooza kwa polio. Gaza ilikuwa imekaa miaka 25 bila polio.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, asije mtu akadhani wazazi wa kule ni wazembe. Kabla ya vita walikuwa wakichanja watoto wao karibu wote. Ila polio hutoka kwenye kinyesi ikaingia mdomoni, na pampu za maji taka zilikuwa zimesimama kwa kukosa mafuta au kwa kupigwa mabomu, familia zikibanana kwenye mahema pembeni ya madimbwi ya uchafu. Mtoto aliyezaliwa katikati ya hayo angechanjwa wapi, na lini?

Septemba 1, 2024 chanjo ikaanza. Mapigano yalisitishwa kwa saa chache kila siku, eneo baada ya eneo, na awamu ya kwanza ikawafikia watoto wapatao 560,000 wa chini ya miaka 10. Awamu ya pili ilikwama kaskazini kwa sababu ya mabomu, ikaendelea Novemba. Wauguzi wenzetu walifanya kazi hiyo wakiwa wakimbizi wenyewe, na wengine walikuwa wamefiwa. Umeme wa gridi ulikuwa umekatwa tangu Oktoba 2023, na chanjo ikipata joto huharibika.

Polio ilidhibitiwa, lakini Agosti 2025 baa la njaa likathibitishwa katika Jiji la Gaza. Na huko Ukingo wa Magharibi, mgonjwa wa saratani anayehitaji mionzi bado huomba kibali cha kuvuka kwenda hospitali ya Augusta Victoria, Jerusalem Mashariki.

Risala haikosi ombi, mheshimiwa. Jokofu letu la mafunzo ya chanjo limekufa tangu mwaka jana. Tunajifunza kupanga vichupa kwenye kabati la mbao. Tunaomba jokofu la umeme wa jua.

Tunaomba kuwasilisha.