Kabula, na Minza naye apigwe picha

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Kabula,

Tumepata ujumbe wako kwamba likizo hii wewe na Minza mnatoka Delhi kwenda Agra kuiona Taj Mahal. Shangazi yako tangu juzi hana habari nyingine. Mimi nimefurahi zaidi kwa kuwa mnakwenda wawili.

Miaka yote niliyopiga picha pale Kamanga, karibu na Jiwe la Bismarck, kuna jambo lilikuwa linanisikitisha. Mtu anakuja na mwenzake, anamkabidhi simu, anamwelekeza, "rudi nyuma, inama, hebu rudia," mpaka jua linazama ziwani, na yule mwenzake anaondoka hana hata picha moja. Usimfanyie hivyo Minza. Unamjua alivyo mpole, hatasema. Kila ukipigwa, nawe mpige, tena kwa moyo uleule.

Sasa la ufundi. Taj Mahal ni marumaru nyeupe. Kamera ikikutana na weupe mwingi hivyo hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na ngozi zetu hizi zinatoka giza. Kabla ya kupiga, gusa uso wa Minza kwenye kioo cha simu, kisha pandisha ile alama ya jua taratibu mpaka uyaone mashavu yake na kile kikovu cha juu ya nyusi. Ukuta wa nyuma ukipauka, uache upauke. Picha za ukuta ule zimejaa duniani, za Minza akicheka mbele yake hakuna.

Fikeni alfajiri. Milango hufunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na mwanga wa saa hizo ni laini. Jua la utosini huweka vivuli machoni. Ijumaa watalii hawaingii, kwa hiyo angalieni kalenda kabla ya kukata tiketi ya treni. Ndani, walipozikwa malkia Mumtaz Mahal na mumewe, mfalme Shah Jahan, kupiga picha ni marufuku. Msiibie. Pale ni kaburini, na adabu ya kaburini mmefundishwa nyumbani. Mitaani nako ombeni ruhusa kwanza. Kina mama wa dagaa hapa mwaloni hawapendi kulengwa kamera bila salamu, na muuza mboga wa Agra ni mama wa watu vilevile.

Halafu ile kamera niliyokupa, kama hujaigusa, bado inasoma saa ya Mwanza. India wametutangulia saa mbili na nusu. Irekebishe, la sivyo ukizichanganya picha zake na za simu ya Minza, mpangilio wote utavurugika.

Kabla ya kuweka chochote kwenye stetasi, mpe Minza achague zake. Asizozitaka, zifute bila kubishana. Zile mlizo pamoja (ombeni mtalii aliye na familia yake awapige) nitumie mimi nizisafishe kubwa, moja ya kwetu, moja ya shangazi yako. Fremu nitanunua mwenyewe.

Mama yako anasema mbebe maji.

Baba yako