Khitma ya arubaini ya bibi yetu

Assalaam aleikum, ndugu zangu.

Khitma ya kumrehemu bibi yetu itasomwa Alhamisi hii baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwake Mji Mkongwe, katika ukumbi uleule ambamo hakuwahi kumruhusu mgeni aondoke kabla ya kunywa kahawa na kula kipande cha mkate wa kumimina. Juzuu 30 za Qurani zimeshagawanywa. Asiyeweza kufika aisome yake huko aliko, Muscat au London, kisha anijulishe. Mnakumbuka alivyoamka kabla ya adhana ya alfajiri, na alivyopima mchele kwa kumhesabu pia mtu asiyetarajiwa (nasi watoto tukinung'unikia ukoko). Mashangazi watakaopika tunawaomba wafike saa 4 asubuhi. Mwenyezi Mungu amrehemu, ampe kauli thabiti.